Unasubiri kipimo au upasuaji wa saratani ya utumbo? Usikae tu na simu mkononi

Assalaam alaykum. Baba yangu alisubiri wiki tisa, toka siku dakta alipomwambia hii damu si bawasiri mpaka siku alotiwa thieta, na mie ndo nilokuwa namuuguza, toka kwetu Wete, Pemba, mpaka Unguja, Dar na kurudi. Katika yote tulopitia, sindano, dawa chungu, boti, hakuna kilichomchosha kama zile siku ambazo hakuna kinachofanyika. Basi naandika kwa anaesubiri na kwa anaemuuguza anaesubiri, vile ambavyo ningependa mtu aniambie mie siku ya mwanzo. Mie si dakta, penye dawa na vipimo fata maelekezo ya hospitali yako hata yakitofautiana na yangu.

Hatua ya 1: Jua unasubiri nini

Baba alipotoka kwa dakta mara ya mwanzo nikamuuliza, kasemaje? Akanambia, "Tusubiri." Tusubiri nini, hajui, na mie sikurudi ndani kuuliza, niliona haya kumsumbua mtu. Tukakaa siku kumi na moja tunasubiri simu ambayo hakuna alokuwa na mpango wa kuipiga, kumbe sie ndo tulotakiwa turudi kuchukua tarehe ya kamera. Siku kumi na moja, mtu anakonda mbele ya macho yako.

Nunua daftari, lile la skuli la kawaida linatosha. Kila unachokisubiri kipe ukurasa wake na juu yake andika vitu vitatu: nasubiri nini, mpaka tarehe gani, namuuliza nani. Na kabla hujainuka kwenye kiti cha dakta uliza haya manne: kipimo kinachofuata ni kipi, ni lini, majibu atanipa nani, na tarehe ikipita kimya niende mlango gani. Andika palepale, usiseme ntakumbuka, mtu ukishasikia neno saratani masikio yanaziba.

Ili ujue uko wapi, mambo kwa kawaida yanakwenda hivi. Mwanzo kamera, inapitishwa kwa nyuma kuangalia utumbo mpana wote, na huo kwa mtu mzima ni kama mita moja na nusu. Wakiona kitu wanakata kinyama kidogo kinapelekwa maabara. Halafu siti skani, picha ya mashine inayoonesha ndani ya mwili, ya kifua, tumbo na nyonga, mana damu inayotoka kwenye utumbo inapita kwenye ini kwanza kabla haijenda kwengine, ndo sababu saratani hii ikitembea huanzia sana kwenye ini, na mapafu pia, kwa hiyo lazima waangalie huko. Hapo ndo wanapata steji, yaani saratani imefika wapi, 1 mpaka 4. Kuna na damu inapimwa inaitwa CEA, hiyo peke yake haisemi unayo au huna, inawasaidia kukufatilia baadae, kwa hiyo usilale macho kwa namba ya CEA.

Uvimbe ukiwa chini kabisa karibu na njia ya haja huongezwa MRI (picha ya mashine ya sumaku), na hapo wengi hupewa mionzi na dawa kabla ya kupasuliwa, na kwa mionzi wagonjwa wetu wengi wanavuka kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar. Usishtuke ukiambiwa hupasuliwi mwanzo. Kuna mzee tulikaa nae benchi moja alidhani wamemkatia tamaa, siku tatu hali, kumbe wanausinyaza uvimbe ili utoke vizuri.

Hatua ya 2: Pambanua kuchelewa kwa kawaida na kusahauliwa

Majibu ya kinyama yana sababu ya kuchukua muda. Kinalowekwa kwenye dawa kisioze, kinatiwa kwenye nta mpaka kigande, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinatiwa rangi, ndo mtaalamu anakisoma kwa hadubini. Wiki moja, mbili, ni kawaida. Ya tatu ikiingia kimya nenda mwenyewe na risiti yako. Kinyama cha baba kilikaa pahala wiki mbili na nusu hakijapelekwa maabara kabisa, nilipokwenda kuuliza ndo kikaondoka, siku ileile. Sikugomba na mtu. Nilitoa salamu, nikataja jina na tarehe, nikasema nakaa hapa nje mpaka mtu anijuze kiko wapi, nikakaa. Adabu na kuganda, vyote viwili, ukiwa na kimoja tu hufiki.

Na hili litakupa pumzi kidogo. Saratani nyingi za utumbo zinaanza na kinyama kidogo kinaota kwa ndani, na mpaka kije kuwa saratani huchukua miaka, mara nyingi kama 10. Kwa hiyo ulonacho hakikuanza mwezi ulopita, na wiki mbili za kungoja siti skani haziligeuzi jambo. Miezi ndo inageuza. Uingereza, na vifaa vyao vyote, wamejiwekea siku 62 toka rufaa ya haraka mpaka matibabu yaanze, na wengi wanapitiliza. Mie hiyo 62 niliiandika nyuma ya daftari iwe ndo kipimo changu cha kupiga kelele.

Hatua ya 3: Siku za kamera

Hapa ntakaa kidogo, mana watu wengi wanarudishwa kwa sababu tumbo halikusafika, na kurudishwa maana yake ni tarehe nyengine na kusubiri kwengine.

Kama wiki moja kabla, mtajie dakta kila dawa unayokunywa. Vidonge vya madini ya chuma (vya kuongeza damu) kwa kawaida wanavisimamisha, vinafanya choo cheusi kinachoganda. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi na dawa za sukari usiziache wala usiendelee nazo kwa kichwa chako, uliza.

Siku mbili tatu kabla kula vitu laini visivyo na makapi: wali mweupe, boflo, samaki wa kuchemsha, yai, mbatata zilomenywa. Wacha kisamvu, mchicha, maharage, choroko, mahindi, mapera, pasheni, komamanga, tungule na mbegu zake. Siku moja kabla ni majimaji ya kupenya mwanga tu, maji, chai ya rangi, supu ilochujwa ikabaki maji, dafu lilochujwa. Usinywe kitu chekundu, juisi ya rozela usiiguse, ndani kule itaonekana kama damu.

Dawa ya kusafisha inatofautiana, wengine wanapewa paketi za kukoroga kwenye lita kadhaa za maji, wengine vidonge na dawa ya maji. Zile za kukoroga zina ladha ya chumvi mbaya, zitie kwenye friji, kunywa kwa mrija, glasi moja kila robo saa, uwe na kipande cha limau cha kunusa na kulamba. Kichefuchefu kikija pumzika nusu saa halafu endelea, usiimwage. Ukiambiwa nusu usiku na nusu alfajiri, ile ya alfajiri usiiruke, hiyo ndo inayosafisha vizuri zaidi. Paka mafuta ya mgando kule nyuma kabla hujaanza, kabla hujaungua. Mwisho unatakiwa utoke maji ya manjano yanayopenya, kama mkojo. Yakitoka bado machafu waambie ukifika, usinyamaze.

Sasa tatizo ambalo hakuna karatasi ya hospitali inayoliandika. Sie wa Pemba tukija Unguja tunafikia kwa jamaa. Tulifikia Mwanakwerekwe kwa ami, nyumba ya kheri, lakini choo kimoja na watu tisa, na baba usiku ule alikwenda mara kumi na mbili. Alikuwa anajizuia kwa haya mpaka machozi yanamtoka. Ningejua ningetafuta chumba cha kulala wageni usiku mmoja tu, au ningemwambia mke wa ami mapema, shangazi, leo choo ni cha mgonjwa. Wangekubali wote. Kama choo kiko nje weka taa na mtu awe macho, mzee aloharisha usiku kucha anaanguka kirahisi.

Na haya yenyewe. Mtu mzima, kahiji, kuambiwa mpira utapitishwa nyuma, alikaa siku mbili hasemi na mtu. Mwambie mgonjwa wako ukweli: atafunikwa shuka, mara nyingi atachomwa sindano ya kumlegeza, dakta macho yake yako kwenye skrini, na inachukua kama nusu saa. Unaruhusiwa kuomba muuguzi mwanamme kwa mwanamme, mwanamke kwa mwanamke, ukiomba mapema aghlabu wanakupangia.

Ukichomwa hiyo sindano usipande boti siku ileile. Lala, uondoke kesho yake. Ikiwa ni msimu wa kusi na unavuka Mkondo wa Nungwi, baina ya Unguja na Pemba, ndo zaidi.

Hatua ya 4: Nani aambiwe, na wageni

Ndugu zangu walitaka baba asiambiwe. Tukawa tunanong'ona jikoni, akiingia tunazungumza bei ya karafuu. Siku moja akaniita barazani akanambia, "Mwanangu, mie nakufa au siumwi, lipi kati ya hayo, mana nyie mnanifanyia yote mawili." Nikamwambia. Alinyamaza, akaomba maji, akauliza tarehe ya siti skani. Toka siku hiyo akawa analala.

Kwa hiyo rai yangu, mgonjwa aambiwe, kwa upole, na kwa kiasi anachotaka yeye. Muulize, unataka ujue kila kitu au unataka mie nikushikie? Akisema nishikie basi mshikie, hiyo ni haki yake, lakini aamue mwenyewe.

Halafu mchague msemaji mmoja wa nyumba. Mmoja tu. Watu wetu wana mapenzi, watakuja, na kila anaekuja ana dawa na ana hadithi ya mtu alopasuliwa asirudi. Msemaji akae nao ukumbini awaambie, "Tunasubiri majibu ya kinyama, tunatarajia wiki ijayo, mtuombee dua," basi. Asietoka kwenye maneno hayo hachoki. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo andika mara moja kwa wiki, siku moja maalum, watu watazoea na hawatapiga simu saa nne usiku.

Kuhusu dawa za miti, habasoda nyingi, tangawizi na thaumu za kumeza kwa wingi, mizizi ya kuchemsha: sitoi hukumu ya imani ya mtu, lakini baadhi zinafanya damu isigande na baadhi zinasumbua ini, na dakta wa usingizi lazima ajue. Baba alikunywa kombe (maji yalooshewa aya za Qur'ani) na alisomewa, na lilimtuliza, sikumzuia. Ila siku ya kufunga kwa ajili ya thieta hata kombe halinywewi, tulilinywa juzi yake.

Hatua ya 5: Tengeneza mwili

Hizi wiki zina kazi. Mwenye nguvu anatoka thieta vizuri kuliko alofika kachakaa.

Damu kwanza, mana uvimbe huvuja kidogo kidogo mtu anakuwa hana damu bila kujua. Uliza kiwango chako ni ngapi, kiandike. Ukipewa vidonge vya chuma choo kitakuwa cheusi, usiogope. Maini, dagaa, samaki, na limau juu yake. Na chai, jamani, chai sie tunaishusha na kila chakula na inazuia chuma kisiingie mwilini, isogeze saa moja baada ya kula.

Jipime uzito kila wiki mzani uleule. Yai mbili kwa siku, samaki, maziwa, supu ya pweza. Kama dakta kasema njia imekuwa nyembamba, yale makapi ya hatua ya 3 yaache moja kwa moja mpaka upasuliwe, kula kidogo mara nyingi. Tembea kila siku, baba alikuwa akitoka msikitini alfajiri anazunguka njia ya mbali, mwanzo dakika kumi, mwisho nusu saa. Anaevuta sigara aache leo, mapafu yanataka wiki kadhaa kupata nafuu. Na fanya mazoezi ya pumzi, vuta kwa ndani kabisa, ishike kidogo, toa taratibu, mara kumi, asubuhi na jioni, halafu jifunze kukohoa huku umekumbatia mto tumboni, baada ya upasuaji utaushukuru huo mto.

Hatua ya 6: Pesa, barua, watoa damu

Kwa ufupi. Bima yako, iwe ZHSF ya Zanzibar au NHIF ya Bara, waulize mapema kipimo gani wanalipia na kama kunatakiwa kibali, usiulize siku ya kipimo. Barua ya rufaa toa kopi tatu na uipige picha. Majibu yote na ile CD ya siti skani beba mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki mgumu, usiyatie kwenye begi linalokwenda chini ya boti. Watoa damu watafute kabla hujaambiwa, wenye kilo 50 na zaidi na afya zao, wanne watano, wakae tayari.

Hatua ya 7: Usiku

Mchana unapita. Baada ya isha, nyumba ikilala, ndo hofu inakuja, kwa mgonjwa na kwa anaeuguza. Tulichofanya sie, tuliipa hofu wakati wake: baina ya alasiri na magharibi tunakaa kwenye mkeka, mie na baba, kila mtu anasema kinachomtisha bila kukatizana, vinavyotaka jibu la dakta vinaandikwa kwenye daftari. Magharibi ikiadhiniwa tumemaliza. Usiku likija jengine tunasema hilo la kesho alasiri. Halikutoka kila siku vizuri. Kuna siku mie nililia yeye akanibembeleza.

Usisome mtandaoni usiku. Takwimu unazozikuta ni za watu wa nchi nyengine na steji nyengine na hazikujui wewe. Na kama wiki mbili zimepita mtu halali, hali, hataki kusali wala kuoga, mwambie dakta hilo nalo, linatibika.

Hapa usisubiri hata saa moja

Tumbo limejaa linauma, hutoi choo wala hewa, na unatapika: huenda utumbo umeziba, nenda hospitali ya karibu palepale, na usinywe dawa ya kuharisha kabisa. Damu nyingi au mabonge na kizunguzungu. Maumivu makali ya ghafla, au homa pamoja na tumbo gumu. Ukiwa Pemba nenda Abdulla Mzee Mkoani, au Wete, au Chake, kokote kulipo karibu, habari ya tarehe yako ya Unguja iache, chukua daftari na majibu yako uende.

Hatua ya 8: Wiki ya upasuaji

Uliza kama kuna uwezekano wa kutolewa mfuko wa choo tumboni, na kama ni wa muda au wa kudumu. Wengi ni wa muda, hufungwa baada ya miezi. Waombe wakuwekee alama ya pahala kabla, ukiwa umekaa, umesimama, umeinama, na wewe nenda na kikoi chako au kanga yako uifunge vile unavyofunga siku zote ili mfuko usije ukakaa kwenye fundo. Na kuhusu sala muulize sheikh unaemuamini mapema. Baba alichokuwa anakiogopa kuliko kisu ni hicho, atasujudu vipi, udhu wake utakuwaje, alipoelezwa hukumu ya mwenye udhuru akatua.

Uliza saa ya mwisho ya kula na saa ya mwisho ya kunywa maji, mara nyingi hazifanani. Vua pete na meno ya bandia, na hina vidoleni usipake, wanavitazama na kuvibana ile klipu ya kupima hewa kwenye damu.

Siku yenyewe wabakie wawili nje, wasiwe kumi. Thamosi, chaja ya simu, kitu cha kutafuna, mus-haf. Waulize itachukua muda gani halafu ongeza saa mbili kichwani mwako kwa kuandaliwa na kuzinduka, la sivyo saa ya tatu ikifika utaanza kusikia viatu vya kila muuguzi. Baba alikaa saa tano. Wakikuruhusu kumuona asubuhi yake msaidie akae, na wakisema atembee mtembeze, hata hatua tano mpaka mlangoni.

Halafu kile kilichokatwa kinakwenda tena maabara. Kinatiwa nta, kinakatwa, wanahesabu matezi, hutaka yachunguzwe angalau 12, ndo wanaamua kama atahitaji dawa za dripu baada ya hapo au hapana. Kwa hiyo kuna kusubiri kwengine. Ukurasa mpya: nasubiri nini, mpaka tarehe gani, namuuliza nani. Huo wa baba aliuandika mwenyewe, siku ya nne, kalamu inamtetemeka, akanipa daftari akanambia nihakikishe jina la dakta kaliandika sawasawa.